Nilishindika Mlango, Sikutia Komeo

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msichana mmoja wa Matondoni. Anauza mikoba ya ukili kwa WhatsApp, kama mimi ninavyouza kofia. Rafiki yake wa shule alikuwa amemwandikia: "Nimekosea, nimetuma tarakimu sita kwenye simu yako, nirudishie haraka." Naye akaniuliza, "Da, nimpe?"

Nilikuwa nishalala. Niliamka nikaandika USIMPE kwa herufi kubwa, halafu nikaona herufi hazitoshi, nikampigia. Saa tano ya usiku. Mume wangu akageukia ukutani.

Hakumpa, alhamdulillahi. Zile tarakimu sita ndizo WhatsApp hukutumia kuhakikisha nambari ni yako. Ukimpa mtu, anaisajili nambari yako kwenye simu yake, wewe unatupwa nje, na yeye anaanza kuomba pesa kwa jina lako. Na huyo "rafiki wa shule" si rafiki, ni mtu aliyekwisha kumwibia rafiki akaunti yake. Hata mtu akikosea nambari kweli, tarakimu hizo humpi. Humpi!

Utaniuliza nimejuaje. Kaa nikuhadithie.

Mimi nashona kofia za mkono, si za mashine. Kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano, na moja hunichukua miezi miwili hata mitatu, maana nashona watoto wakishalala. Wateja wangu wako Mombasa, Zanzibar, wengine mpaka Muscat, na wote niliwapata kwa Facebook, picha moja baada ya nyingine. Najua wewe unayesoma unataka hivyo hivyo, kitu chako kitoke kwenye kichochoro chako kivuke bahari. Basi ujue na la kukupata ukiwa huko.

Ilikuwa wiki chache kabla ya Maulidi. Simu yangu ilitumbukia majini pale gatini nikishuka boti ya Mokowe. Nikaenda saiba moja, duka la kompyuta za kulipia, mtaa wa Langoni hapa Lamu, nichapishe cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, na nikiwa pale nikafungua Facebook nijibu wateja. Kisanduku kidogo kikatokea juu, kinauliza kihifadhi neno langu la siri. Nikabonyeza ndiyo. Sikusoma. Nani husoma? Adhana ya magharibi ikaanza, nikabonyeza ule msalaba wa pembeni, dirisha likafungika, nikalipa shilingi 30 nikaenda zangu.

Sasa sikiliza hapa. Sisi watu wa Lamu tunajua tofauti ya kushindika mlango na kutia komeo. Mlango ulioshindikwa ukiutazama kutoka nje umefungwa, lakini kuku akiusukuma anaingia. Ule msalaba ni kushindika. Kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao kama Chrome, kinakumbuka ukurasa uliofungwa: mtu anayekalia kiti baada yako akibonyeza Ctrl, Shift na T kwa pamoja, ukurasa unarudi, na kama hukutoka kwenye akaunti unaweza kurudi na wewe umo ndani. Mimi nilikuwa nimemwachia na neno la siri pia, limehifadhiwa vizuri, kama ufunguo juu ya fremu.

Siku mbili baadaye wateja wangu watano walipokea ujumbe kutoka "kwangu": tuma amana ya shilingi 2,000 kwa nambari hii mpya, kofia zimebaki chache. Wakatuma. Kwa nini wasitume? Ni picha yangu, jina langu, hata ile tabia yangu ya kuandika "inshallah" na vitone vitatu imeigwa. Shangazi yangu wa Mombasa naye akatuma, na yeye hata kofia havai.

Nilijua pale aliponipigia kwa simu ya jirani: "Mwanangu, ushapokea? Mbona kimya?"

Sitaki kurefusha yaliyofuata. Nilirudi saiba, yule kijana anayeiangalia akasema hajui kitu, na huenda ni kweli. Wateja niliwalipa wote, wengine kwa pesa, watatu kwa kofia nilizokuwa nimezishona kwa ajili ya Maulidi. Mmoja alipokea kofia yake akaandika "sawa" tu, na tangu hapo hajaniagiza tena. Hilo linaniuma kuliko zile pesa. Miaka minne nilimshonea, na hakuamini.

Haya, ushauri wenyewe, maana najua kuna wanaosoma huku wakisema Da anazunguka.

Kwenye kompyuta isiyo yako, toka kwenye akaunti. Usifunge dirisha tu, tafuta neno la kutoka ulibonyeze mpaka ukurasa ukuombe neno la siri upya. Kisanduku kikikuuliza kihifadhi, sema hapana. Bora zaidi, kwenye Chrome bonyeza Ctrl, Shift na N, lifunguke dirisha la faragha. Ukishalifunga hilo halibakishi historia wala akaunti zako. Lakini usijidanganye kwamba umekuwa jini: mwenye mtandao bado anaweza kuona umetembelea wapi, na karatasi ulizopakua zinabaki kwenye kompyuta. Nakala ngapi za vitambulisho vya watu zimelala kwenye zile saiba zetu! Futa yako, halafu fungua na pipa la taka ufute humo pia.

Kama ushasahau na uko nyumbani, usikimbie na kanga begani kama nilivyokimbia mimi. Kwenye mipangilio ya Facebook kuna mahali panapokuonyesha vifaa vyote ulivyoingilia. Kitoe usichokijua, kisha ubadilishe neno la siri. Kwenye WhatsApp angalia vifaa vilivyounganishwa, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Washa leo. Mwizi akikutangulia kuiweka yake, huenda ukangoja siku saba ndipo urudi kwenye nambari yako mwenyewe.

Na toka kwenye akaunti. Nimeshasema? Nasema tena. Wanawake wenzangu, tunafunga shanga kwenye kabati yenye kufuli mbili halafu biashara nzima tunaiacha wazi mbele ya mtu tusiyemjua jina, kisa adhana, kisa mtoto analia. Adhana haikukataza kubonyeza mara moja zaidi.

Siku hizi nikikaa saiba, kitu cha kwanza nabonyeza Ctrl, Shift na T, nione aliyenitangulia ameacha nini. Wiki iliyopita ilikuwa barua pepe ya mwalimu mmoja wa huku kwetu, imefunguka yote, wazi. Nikamtolea akaunti yake taratibu, nikaanza kuchapisha yangu. Sikusoma kitu.

Sawa, nilisoma mstari mmoja. Anauza pikipiki.