Niliitwa kilaza nikiwa na miaka 15

Matokeo ya bodi ya wahasibu yametoka mwezi uliopita nikiwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye simu. Nikaisoma namba yangu ya mtihani mara nne. CPA, mhasibu kamili! Nilipaswa kushuka Zakhem, nikajikuta Rangi Tatu. Nikarudi kwa miguu nacheka peke yangu, wauza mihogo wananiangalia.

Nikaweka kwenye status. Waliotuma pongezi, asanteni sana. Ila ujumbe mmoja umekaa na mimi hadi leo, wa dada mmoja wa Tabata: "Kaka hongera. Mimi wangu yuko kidato cha pili. Mwalimu kaniambia niache kupoteza ada, mtoto hana kichwa. Nifanyeje?"

Dada, kidato cha pili hicho hicho ndicho nilichopewa jina.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anarudisha karatasi kwa kuziita kwa sauti, kuanzia ya juu kwenda chini. Siku hiyo karatasi zikapungua mkononi mwake mpaka ikabaki moja. Akaishika kwenye kona kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Tisa kwa mia. "Huyu," akasema, "hata tukimpasua kichwa tutakuta maji." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, maana ungefanyaje? Kuanzia hapo jina likawa Kilaza, na lilinifuata mpaka mtaani. Hata mdogo wangu alilijua.

Na kusema kweli, nilikuwa mtoto wa ajabu ajabu. Nilitumwa unga nikarudi na chenji bila unga. Siku moja tulikuwa wanne tumening'inia mlangoni mwa kipanya, tunakaribia Kwa Aziz Ally. Wenzangu wakaruka gari likiwa bado linatembea. Mimi nikaruka kinyumenyume, ili niwazidi. Kovu la kiwiko ninalo mpaka leo. Ningekuwa peke yangu ningesubiri gari lisimame, hilo nina uhakika nalo kabisa.

Kidato cha nne nikapata division four. Miaka iliyofuata nairuka, haina utamu: astashahada, stashahada, shahada, kazi mchana, vitabu usiku, mtihani wa bodi kufeli, kurudia, kufeli tena. Mmeshaona nilipofika. Nina miaka 41.

Nilipokuwa narudia mtihani ndipo nilipoanza kusoma habari za ubongo, kwa hasira tu. Nilitaka kujua kama yule mwalimu alikuwa sahihi.

Mtoto anazaliwa na ubongo wenye ukubwa wa karibu robo ya ule wa mtu mzima. Akifika miaka 6, umeshafika karibu asilimia 90. Sisi tukiona kichwa kimekuwa tunadhani kazi imeisha. Kumbe kilichobaki ni mafundi wa ndani, na hao ndio wanaochelewa.

Mwaka 1979 daktari mmoja wa Chicago, Peter Huttenlocher, alichapisha matokeo ya kuhesabu sinapsi, yaani vile viungo ambavyo seli za neva hupitishiana habari. Alitumia ubongo wa watu waliokufa wakiwa na umri tofauti. Akakuta mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ana msongamano wa viungo hivyo unaozidi wa mtu mzima kwa karibu nusu. Anayezidiwa ni mtu mzima! Ubongo huanza kwa kufungua njia nyingi kupita kiasi, kisha unazifunga zisizotumika. Ni kama ruti za daladala: yenye abiria inaongezewa magari, isiyo na abiria inakufa kimya kimya.

Zile zinazobaki zinawekewa mielini, ganda la mafuta linalozunguka nyuzi za neva ili ujumbe upite haraka. Mtu wa Dar hahitaji mfano mrefu: ni kujengewa njia ya mwendokasi. Sasa kaa na picha hiyo. Ujenzi huu kwa jumla unatoka kisogoni kuja mbele. Sehemu za kuona na kuendesha viungo zinatangulia. Ya mwisho kabisa ni ile iliyo nyuma ya paji la uso, inayopanga, inayokumbuka ulichotumwa, inayosema "ngoja kwanza gari lisimame". Hiyo inaendelea kujengwa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake wa Marekani, waliokuwa wakiwapiga watoto picha za MRI na kurudia baada ya miaka, walionyesha kwamba tabaka la kijivu la sehemu hiyo ya mbele linanenepa hadi karibu miaka 11 kwa wasichana na 12 kwa wavulana, halafu ndiyo linaanza kupogolewa. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha pili yuko katikati ya mradi. Wakazi wa Mbagala tunajua maisha ya katikati ya mradi: vumbi, mchepuko, hujui leo utapita wapi. Hakuna aliyesema Barabara ya Kilwa haina akili.

Na kile kiwiko changu? Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio la watu 306 waliocheza mchezo wa gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine wakiwa na rika lao pembeni. Wenye miaka 13 hadi 16 waliokuwa na wenzao walijihatarisha zaidi kuliko waliokuwa peke yao. Wenye miaka 24 na zaidi hawakutetereka hivyo. Nilipoisoma nikajipapasa kovu.

Sasa ungedhani mtu aliyesoma yote haya ni baba mpole. Mwanangu ana miaka 14. Mwezi wa pili maji ya mgao yalitoka, akawasha pampu kujaza simtanki, akaingia ndani kuangalia mpira, akasahau. Pampu ikaungua. Nikamwita uani, mbele ya wapangaji, nikamwambia, "Una maji kichwani?" Neno lilinitoka lenyewe. Hakulia. Akacheka. Kicheko kile nakijua, nilikicheka mwenyewe darasani.

Ndiyo maana nasema, wazazi, tuache haya maneno. Mtoto anayesahau mkumbushe, na kesho mkumbushe tena, na keshokutwa, maana ile ruti inahitaji abiria. Halafu walale! Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na balehe yenyewe inasogeza saa ya mwili mbele, usingizi wao unachelewa kuja. Sisi tunawapeleka tuisheni mpaka saa mbili usiku, na basi la shule linapiga honi saa kumi na nusu alfajiri. Halafu tunashangaa hakumbuki. Chakula pia: dagaa, maharage, mboga za majani, chumvi yenye madini joto. Lakini narudia, usingizi. Na walimu wangu wapendwa, kalamu nyekundu haijawahi kuharakisha mielini ya mtu.

Kwa wakubwa wenzangu mnaosema mmechelewa: mwaka 2000 watafiti wa London walipima ubongo wa madereva teksi wa jiji lile, wanaokariri maelfu ya mitaa, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, ni kubwa kuliko ya watu wengine. Watu wazima wale. Kwa hiyo fungueni vitabu.

Yule mwalimu nilikutana naye mwaka jana Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, amezeeka, anachagua betri ya saa ya ukutani. Nikamsalimu: "Shikamoo mwalimu." Akaitikia marahaba vizuri sana, akaniuliza nilisoma mwaka gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, hanikumbuki. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya miaka ishirini na kitu. Nikamlipia betri.

Dada wa Tabata, ada lipa.

Pampu mpya nimenunua. Juzi Jumamosi maji yalitoka saa mbili usiku, nikasikia inawashwa, nikakaa sebuleni sisemi kitu, natazama saa. Baada ya dakika arobaini ikazimwa. Taa ya uani imewaka mpaka asubuhi.