Mifupa ya Pangani, na tarehe ambayo hakuna anayeijua

Barua za safari hii nyingi zimetoka Tanga mjini na wilaya za jirani. Nimechagua tano.

*Nimepokea sauti kwenye WhatsApp kwamba wataalamu wametabiri tetemeko kubwa Tanga mwisho wa mwezi. Je, tulale nje? (Ngamiani)*

Laleni ndani. Swali hili nimelijibu zaidi ya mara moja na jibu ni lile lile: hakuna mtu duniani, awe Japani au Marekani, anayeweza kutaja siku na mahali litakapotokea tetemeko. Wanachoweza wataalamu ni kukadiria kwamba eneo fulani lina uwezekano kiasi gani wa kutikisika ndani ya miaka kadhaa. Anayekutajia tarehe anakudanganya, na wewe ukiisambaza sauti yake unamsaidia.

Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, halikutabiriwa na mtu. Bukoba watu walikufa kwa kuangukiwa na kuta. Kwa hiyo acha kuuliza tarehe, kamuulize fundi wako kama lenta imezunguka nyumba nzima au imekatwa juu ya milango na madirisha ili kuokoa nondo mbili.

*Wazee wetu hawajawahi kusimulia habari za tsunami Pangani. Kwa nini mnawatisha watu wa pwani? (Pangani)*

Ndugu yangu, wazee hawakusimulia kwa sababu jambo lenyewe ni la miaka elfu moja iliyopita, na huenda walioliona hawakubaki wengi wa kusimulia. Lakini mchanga umelihifadhi. Hapo hapo kwenu, kwenye ghuba ya Pangani, mwanaakiolojia Elinaza Mjema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuta mifupa ya watu chini ya ardhi. Baadaye wanajiolojia wakiongozwa na Vittorio Maselli walikuja kulichunguza tabaka la mchanga lenye mifupa hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Wamo wakubwa, wamo na watoto. Mifupa haina alama za vita, na miili haikulazwa kama anavyolazwa maiti aliyezikwa na jamaa zake. Mchanga wenyewe umeletwa na bahari. Watafiti wanaona kuwa kijiji kile kilipigwa na tsunami, na wanaihusisha na tetemeko la upande wa Sumatra, kisiwa cha Indonesia, kwa kuwa mabaki ya umri unaokaribiana na huo yameonekana ng'ambo ya bahari pia.

Sasa linganisha na 26 Desemba 2004. Tetemeko la 9.1 lilitokea Sumatra alfajiri kwa saa zetu, mawimbi yakavuka Bahari ya Hindi kwa muda wa saa saba na zaidi. Watu kama laki mbili na elfu thelathini walikufa kandokando ya bahari hii. Somalia walikufa karibu mia tatu, Tanzania zaidi ya kumi. Wengi wakahitimisha kwamba sisi huku tuko salama. Siafiki hata kidogo. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, bahari ya bamvua, yaani maji hujaa kuliko kawaida, na mawimbi yalifika kabla maji hayajajaa. Yangetukuta maji yamejaa, tungekuwa na hesabu nyingine ya makaburi.

Sikutishi. Ninachotaka mtoto wa Pangani akijue kama anavyojua kusi na kaskazi ni hiki: ukiona maji yanakupwa ghafla, si saa yake, miamba inabaki wazi na samaki wanarukaruka, usishuke kuokota. Kimbilia mwinukoni na uwaite wenzako. Na wimbi la kwanza likipita usirudi, kwani mara nyingi linalofuata ndilo kubwa. Halafu mikoko. Haizuii wimbi kubwa, lakini hupunguza nguvu ya yale ya kadiri, nasi tunaikata kwa boriti na kwa mashamba ya chumvi kana kwamba imeota kwa bahati mbaya. Nimesema, na nitasema tena.

*Afrika inapasuka. Je, Tanga itakuwa kisiwa? (Muheza)*

Bonde la Ufa linapanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kucha yako inaota haraka kuliko hapo. Ule mpasuko wa Kenya wa 2018 ulioonyeshwa kila mahali ulifukuliwa na mvua kwenye majivu laini ya volkano za kale. Bara likiachana kweli, baada ya mamilioni ya miaka, Tanga itakwenda pamoja na Mombasa na Mogadishu.

*Maji moto ya Amboni ni dalili ya volkano? (Pongwe)*

Hapana. Maji ya mvua yakizama kilomita moja au mbili kwenye nyufa hupata joto, kisha hupanda. Na kabla hamjauliza: mapango ya Amboni hayafiki Mombasa kama inavyosimuliwa. Ni miamba ya chokaa iliyoliwa na maji.

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kuna faida gani kupima matetemeko ya Mirihi? (Chumbageni)*

Mwanangu, swali lako ndilo bora kuliko yote. Chombo cha anga cha Marekani, InSight, kilitua kwenye sayari ya Mirihi (Mars) Novemba 2018, na kwa kifaa kimoja tu cha kupimia matetemeko kilinasa mitikisiko zaidi ya 1,300 kabla ya kuzimika mwishoni mwa 2022. Mkubwa kuliko yote, wa 4.7, ulitokea tarehe 4 Mei 2022. Mawimbi hayo hupinda na kurudi kufuatana na kinachokutana nayo chini, hivyo watu wakajua ukubwa wa kiini cha sayari ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga. Elimu hiyo hiyo ndiyo inayotuambia kilichopo chini ya bahari yetu. Mwaka 2018 kisiwa cha Mayotte, jirani ya Komoro, kilianza kutikisika bila kukoma. Mwaka uliofuata meli za utafiti zikakuta volkano mpya yenye kimo cha mita 820 sakafuni mwa bahari, kilomita 50 hivi mashariki mwa kisiwa. Vipimo vya matetemeko ndivyo vilivyoanza kutoa habari, meli zikafuata.

Shika fizikia na hesabu. Jiolojia inafundishwa Dar es Salaam na Dodoma, na pwani hii inahitaji watu wa kusoma vipimo hivyo waliokulia hapa.