Ibada ya jioni na utii wa watoto: usiigeuze kuwa kesi

Dada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Watoto wako wanne (miaka 3, 7, 11 na 15) wanasinzia na kununa kila ukiita ibada ya jioni. Baba yao habanduki kwenye kochi na simu yake. Na utii umepungua hadi unarudia neno moja mara tano ndipo mtu anyanyuke. Umeeleza pia kwamba ibada yenu huanza saa 3 usiku baada ya kula, inafika dakika 40, na sehemu kubwa ni kuwaonya watoto kwa makosa ya mchana. Anzia hapo hapo. Tatizo lako liko kwenye saa na kwenye hayo maonyo. Imani ya watoto wako usiitilie shaka bado.

Saa kwanza. Mtoto wa miaka 3 aliyeshiba ugali akasinzia saa 3 usiku hajamwasi mtu, amelala tu kama alivyoumbwa. Sogeza ibada iwe kabla ya chakula, saa 1 na robo hivi, maharage yakiwa yameshaungwa na wali umefunikwa na makaa juu ya kifuniko. Njaa kidogo inawaweka macho, na harufu ya jikoni itamzuia kila mtu kurefusha, wewe ukiwemo. Faida nyingine ni kwamba unamaliza kabla ya taarifa ya habari ya saa 2, ambayo ndiyo mshindani wako mkuu kwa upande wa baba.

Urefu ni dakika 12, na 15 mkiimba beti zote. Wimbo mmoja, fungu moja la Maandiko, swali moja, maombi mafupi, Sala ya Bwana, kwisha. Fanyeni jioni tano kwa wiki. Siku ya ibada ya jumuiya au ya nyumba kwa nyumba tayari mmeshasali, usiwabebeshe ya pili, na Jumapili iacheni. Wanaoanza na siku saba huwa wamechoka wiki ya tatu. Ukikwama kwenye foleni ukafika nyumbani saa 3, watoto wakariri mstari wa wiki, msali Sala ya Bwana, walale. Na msifidie kesho kwa kusoma mafungu mawili. Deni la ibada halilipwi hivyo, linawafanya tu watoto waichukie siku inayofuata.

Cha kusoma: anza na Marko. Ina sura 16, na ukiigawa mistari 10 hadi 12 kila jioni unapata mafungu 60 hivi, yaani wiki 12. Wengi huanza na Mwanzo kwa sababu ndiyo ya kwanza, wanakwenda vizuri mpaka Kutoka 20, kisha wanafika Kutoka 25 kwenye vipimo vya hema na ibada inafia humo. Mwanzo ni nzuri sana kwa watoto, ila uchague visa: Yusufu peke yake anakutosha wiki tatu.

Lugha ya Biblia ya Union, ile tafsiri ya zamani, ni tamu lakini mtoto wa leo inampiga chenga mahali ambapo mtu mzima hata haoni. Marko 4:38 inasema Yesu alikuwa "katika shetri, amelala juu ya mto". Mwambie wa miaka 7 akuchoree picha hiyo, atakuchorea mtu amelala juu ya maji ya mto. Shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo cha majini, na mto hapo ni ule wa kulalia. Marko 1:32 walimletea "wote waliokuwa hawawezi", na mtoto anajiuliza hawawezi nini. Ni Kiswahili cha zamani cha kusema wagonjwa. Akida aliyesimama karibu na msalaba ni mkuu wa askari mia. Kwa hiyo pitia fungu mchana, hata ukiwa kwenye daladala, utafute maneno mawili au matatu ya namna hiyo na uyafafanue kabla ya kusoma. Ukifafanua baada ya kusoma umechelewa, mtoto ameshasikia kisa kingine kabisa.

Swali liwe la kisa. "Tumejifunza nini?" liache, kwa sababu jibu lake watoto wanalijua tangu Sunday school: "Tumpende Mungu na jirani." Kwa kile kisa cha dhoruba cha Marko 4, uliza: wanafunzi walimwambia nini Yesu walipomwamsha? Upepo ulitulia kabla au baada ya yeye kusema? Nani aliogopa, na aliogopa nini zaidi, dhoruba au aliyeituliza? Mtoto anayeweza kusimulia kisa sawasawa, maana yake itamjia yenyewe siku akiihitaji.

Mstari wa kukariri ni mmoja kwa wiki, uandikwe kwa chaki kwenye ubao mdogo wa jikoni. Jumatatu usomeni pamoja mara tano. Kila jioni inayofuata yanafutwa maneno mawili au matatu na wote wanausoma tena pamoja na mapengo yake. Ijumaa ubao ni mtupu na mstari umebaki vichwani. Wa miaka 3 ndiye apewe kazi ya kufuta, ataisubiri ibada kuliko mtu yeyote.

Sasa maonyo. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Ibada inayogeuka baraza la mashitaka inamfundisha mtoto kwamba Mungu ni shahidi wa upande wa mama. Mbaya zaidi ni mahubiri yanayojificha ndani ya maombi: "Ee Bwana, mguse mwanao aliyevunja chupa ya chai halafu akadanganya." Hilo si ombi, ni kijembe kilichofumbiwa macho, na watoto wanakijua. Weka sheria kwamba kosa la mchana linamalizwa mchana, mahali lilipotokea, na halitajwi kwenye ibada. Vivyo hivyo usimwadhibu mtoto kwa kumnakilisha Zaburi 119 (ina mistari 176, wapo wazazi wanaofanya hivyo) wala kwa kumfukuza aende chumbani "akasali". Ukitumia sala kama kiboko, usishangae akiikimbia akishakua.

Utii wenyewe unajengwa jikoni na uani. Tazama amri ilivyotolewa. Uko jikoni, yeye yuko sebuleni na katuni, unapaza sauti: "Si utoe hivyo vyombo?" Kwanza ni swali. Pili yuko mbali. Tatu anajua kwa uzoefu kwamba wito wa kwanza hadi wa nne ni matangazo, wa tano ndio wenye meno. Hajaasi, amekusoma vizuri tu. Acha mwiko, nenda mpaka alipo, mwite jina, subiri akutazame, kisha sema jambo moja: "Toa vyombo mezani sasa." Kaa hapo hapo, hesabu kumi kimoyomoyo. Asiponyanyuka, mshike mkono muende pamoja mpaka mezani, bila hotuba. Wiki ya kwanza inachosha mno, utaona ni afadhali uvitoe mwenyewe. Ila hapo ndipo wengi wanaporudi nyuma, na mtoto anajifunza kwamba akivumilia kidogo mama huachia.

Kwa hiyo punguza amri. Toa zile tu ulizo tayari kuzifuatilia kwa miguu yako. Usitishie usichoweza kutenda ("nitakupeleka polisi", "ngoja baba yako aje"), maana kila tishio hewa linapunguza uzito wa neno lako lijalo. Matokeo yafanane na kosa: aliyeacha kudeki anadeki kabla ya kutoka kucheza, hata kama wenzake wanamwita getini. Akifanya huku ananung'unika, kazi ihesabiwe imefanyika. Kwenye Mathayo 21 yuko mwana aliyesema "Sitaki" kisha akaenda shambani, na Yesu alimhesabu yeye kuwa ndiye aliyefanya mapenzi ya baba yake. Mnung'uniko uongee nao baadaye, akishatulia.

Kuhusu fimbo, najua Mithali 13:24 ("Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe") itatajwa hapa ndani ya dakika tano. Soma mstari wote: "bali yeye ampendaye humrudi mapema." Kumrudi mtoto ni kumwadibu, kumwelekeza njia, na neno la kushika hapo ni "mapema", yaani kabla hasira yako haijafika kichwani. Mzazi anayechapa huku anatetemeka anajituliza yeye. Pia kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu ya kikatili kwa mtoto, hata ikitolewa na mzazi wake mwenyewe. Na ukimkosea mtoto, umempigia kelele kwa kosa la mwenzake, mwombe msamaha kwa kulitaja kosa: "Nimekusingizia, nisamehe." Ukisema "kama nimekukwaza" hujaomba kitu.

Wasomee Waefeso 6:1 na 6:4 jioni moja, yote mawili. Paulo anawaambia watoto moja kwa moja, "Enyi watoto, watiini wazazi wenu katika Bwana", maana yake alitarajia wawepo waraka unaposomwa, na hapo hapo wasikie wazazi nao (andiko linawataja akina baba) wanaambiwa "msiwachokoze watoto wenu". Usiwafiche nusu ya pili. Mtoto akijua nawe uko chini ya amri, utii unakuwa jambo la nyumba nzima. (Kwa wenye watoto wanaosoma shule za madhehebu mengine: kuwaheshimu wazazi ni amri ya nne kwa Walutheri na Wakatoliki, ya tano kwa Waanglikana na Wasabato. Hesabu tu ndiyo inatofautiana, msigombane na mwalimu.)

Hayo maneno "katika Bwana" yana kazi nyingine ambayo akina mama wengi tunairuka kwa aibu. Utii una mpaka. Mwambie mtoto waziwazi: mtu mzima yeyote, awe mjomba, mwalimu, jirani au mtumishi wa kanisani, akikuambia umfiche mama jambo, au akigusa sehemu zako za siri, hapo usitii, piga kelele, kimbia, uje uniambie, sitakugombeza. Rudia kila mwanzo wa muhula. Namba ya simu kwa watoto ni 116, Tanzania na Kenya, na kupiga ni bure. Mtoto aliyefundishwa kutii kila mkubwa bila mpaka ni mawindo rahisi.

Baba sasa. Usimtumie watoto ("nendeni mkamwambie baba aje tusali") na usimsomee mistari ya kumchoma. Hiyo 1 Petro 3:1 inayopendwa sana kwenye semina za wanawake inasema mume avutwe na mwenendo "pasipo lile neno". Yaani bila mahubiri yako. Muombe jambo moja dogo lenye kipimo, faraghani, mchana, akiwa ameshakula: "Ijumaa nisomee lile fungu, mistari kumi tu." Au awabariki watoto mwishoni, mkono kichwani, sekunde kumi. Wanaume wengi hukaa mbali kwa sababu hawajui watafanya nini wakija, au wanaogopa kuombwa kuomba kwa sauti mbele ya mke anayeomba kama mwinjilisti. Asipokuja kabisa, endelea. Timotheo alikuwa na baba Myunani, na imani yake Paulo anaitaja kutoka kwa bibi Loisi na mama Eunike.

Huyo wa miaka 15 ni habari nyingine. Kukaa na wenzake ni lazima, kuomba kwa sauti si lazima. Mpe Ijumaa moja kwa mwezi aongoze na achague fungu mwenyewe, na usimsahihishe mbele ya wadogo zake hata akikosea. Akiuliza swali gumu, mfano kwa nini Mungu aliruhusu jambo fulani, usimwambie ni utovu wa imani. Mwambie utalitafuta, uliandike, na kweli ulitafute. Simu zote, yako ikiwemo, zikae kwenye kikapu juu ya friji. Akiona yako inawaka mkononi, umepoteza haki ya kumsemesha.

Dada wa kazi kama ni Mkristo akae nanyi, asiachwe na sufuria. Kama ni Mwislamu asilazimishwe. Mwachie dakika hizo ziwe zake, na saa yake ya swala iheshimiwe vilevile. Watoto wanaangalia hilo pia.

La mwisho ni daftari. Nunua kaunta buku ya kwaya (quire) mbili, upige mistari upate safu nne: tarehe, fungu, ombi, na ya nne iache wazi. Kila mtu anaomba sentensi moja tu na mtoto wa miaka 11 anaiandika kama ilivyosemwa, hata ikiwa ni kuomba baiskeli. Ile safu ya wazi mnaijaza likitokea jibu, na kila mwisho wa mwezi mnarudi nyuma kusoma. Mengine yatakuwa yamejibiwa mkasahau. Mengine hayatakuwa na jibu, na kuna siku mtoto atauliza kwa nini safu ya bibi imebaki tupu ilhali aliombewa kila siku akafariki. Usiijaze kwa haraka na maneno ya mazishini. Mwambie nawe unalia, andikeni hapo tarehe aliyofariki, na jioni hiyo someni Yohana 11, polepole, mpaka mstari wa 35: "Yesu akalia machozi."