Maswali na majibu: Vifaa vya kuzamia baada ya kutoka baharini

Je, kuvimwagia vifaa maji ya bomba mara moja kunatosha?

Hakutoshi. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, ambayo ikishakauka huganda kuwa chembe ngumu ndani ya zipu, kwenye mishono na nyuma ya vitufe, mahali ambapo maji ya kupita juu juu hayafiki. Viloweke katika maji matamu yenye uvuguvugu kabla havijakauka, huku ukifungua na kufunga zipu humo humo majini.

Fundi amekuta kutu ndani ya regulata yangu (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi), ilhali naisuuza kila mara. Nimekosea wapi?

Huenda ni kusuuza kwenyewe kulikoleta kutu. Sehemu inayofungwa kwenye mtungi haipaswi kuingia maji kabisa, kwa hiyo kizibo chake cha vumbi kifutwe kwa kitambaa kikavu kisha kikazwe kabla ya kulowekwa, kwa kuwa tone linalosalia chini ya kizibo huishia ndani. Kosa la pili, ambalo hata wazoefu hulifanya, ni kubonyeza kitufe cha kupulizia hewa wakati regulata imezama kwenye ndoo bila kuunganishwa na mtungi uliofunguliwa: vali hufunguka, na maji hupanda kwenye mpira hadi ndani. Mwombe fundi akuonyeshe kichujio kidogo kilicho kwenye mlango wa hewa. Kikiwa na ukijani, basi maji yalipitia hapo.

Nikilitikisa jaketi la kuelea nasikia maji yakichezacheza.

Hayo ni maji ya bahari yaliyoingia ulipokuwa ukitoa hewa. Mimina maji matamu kupitia mdomo wa mpira wa kujazia hadi theluthi moja, litikise, ligeuze uyamwage yote, kisha lijaze hewa kiasi na ulitundike.

Nguo ya kuzamia ianikwe juani?

La, jua huchakaza neopreni, yaani mpira laini uliotengenezewa nguo hiyo. Igeuze ndani nje, uitundike kivulini kwenye kiango kipana. Harufu isiyoisha kwa kawaida ni ya mkojo, ingawa hakuna mzamiaji anayekiri. Sabuni maalumu ya nguo hizo huiondoa.

Mtungi uhifadhiwe ukiwa mtupu?

Uache na hewa kidogo, yenye shinikizo la kama bar 30, ili unyevu usiingie. Ukiukuta umeisha kabisa na vali iko wazi, upeleke ukakaguliwe ndani kabla ya kujazwa tena.