Bakteria wa tumboni wanapunguzaje inflamesheni wakati wao wenyewe ni vijidudu?

Swali: Dokta shikamoo. Nimetumia antibiotiki raundi mbili mfululizo, sasa tumbo linaunguruma na choo hakieleweki. Naambiwa nirudishe bakteria wazuri ili inflamesheni ipungue. Sielewi, bakteria si ndo wanaoleta inflamesheni? Na hizi probayotiki, bakteria wazuri wanaouzwa dukani, ninunue?

Jibu: Marahaba. Swali zuri, na wala hujakosea, bakteria yeyote akipenya ukuta wa utumbo kinga ya mwili inamshambulia, awe mzuri awe mbaya, na hayo mashambulizi ndo inflamesheni yenyewe. Kwa hiyo ishu kubwa ni ukuta, na hapo ndo hao wazuri wanapoingia.

Iko hivi, nyuzinyuzi za chakula sisi hatuna uwezo wa kuzimeng'enya, zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, huko bakteria kama Faecalibacterium na Roseburia wanazichachua na kutoa kitu kinaitwa butireti. Seli za ukuta wa utumbo mpana zinapata karibu 70% ya nishati yake kutoka kwenye hiyo butireti, yaani hazisubiri sana sukari ya kwenye damu, zinalishwa na wapangaji. Zikishiba zinabana vizuri, zinatoa ute wa kutosha, alafu butireti hiyohiyo inasaidia kutengeneza seli T za kutuliza, zile zinazoiambia kinga punguza mzuka, hawa tunawafahamu.

Kuna kingine watu wengi hawakijui, nacho ni oksijeni. Seli zikichoma butireti zinatumia oksijeni nyingi, ndani ya utumbo panabaki hakuna hewa, na bakteria wazuri wengi hewa inawaua. Sasa antibiotiki ikifyeka wazuri, butireti inakata, seli zinahamia kwenye sukari, oksijeni inavuja ndani, na wanaoifurahia ni bakteria wabaya, akina Salmonella na jamaa zake. Hii imeonekana wazi kwenye panya wa maabara. Ni mduara, ukivunjika sehemu moja kote kunayumba, ndo maana tumbo lako halikurudi sawa siku ulipomaliza dozi.

Na ukiwanyima nyuzinyuzi hawakai na njaa kimya, wengine wanageukia ule ute na kuanza kuutafuna (hii nayo ni ya panya, ila mimi imenifanya nile maharage kwa adabu).

Probayotiki sasa. Mimi sina haraka nazo. Mwaka 2018 watafiti wa Israeli waliwapa watu probayotiki baada ya antibiotiki, bakteria wao wa asili wakachelewa kurudi kuliko wale walioachwa tu bila kupewa kitu. Sio kwamba hazifai kabisa, kuna aina moja ya bakteria E. koli, inaitwa Nissle 1917, inatumika kuzuia vidonda vya utumbo mpana visirudi, lakini hiyo ni aina maalum kwa ugonjwa maalum, sio chupa yoyote utakayoikuta dukani.

Wewe anza na kunde, mboga, nafaka isiyokobolewa, ila taratibu, ukipakia kwa pupa gesi itakutesa utasema nimekudanganya. Ila ukiona damu kwenye choo, homa, unapungua uzito au unaharisha mara tatu na zaidi kwa siku, acha kusoma mtandaoni nenda kapime choo, maana baada ya antibiotiki kuna mdudu anaitwa Clostridioides difficile anapenda sana nafasi iliyoachwa wazi, na huyo hatolewi na maharage.