Maswali ya wasomaji: Programu ya muziki inapotaka zaidi ya wimbo wako

Katika siku za karibuni tumepokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji wanaotunga, kurekodi na kuchanganya muziki kwa simu peke yake. Tumechagua nne ambazo, kila moja kwa namna yake, zinauliza ni nani mwenye mamlaka juu ya kazi ambayo bado iko jikoni.

SWALI: Shikamoo mshauri. Nimesakinisha programu ya kutengenezea midundo. Kabla sijagusa ngoma hata moja, iliniomba maikrofoni, mahali nilipo, orodha ya namba zangu za simu na picha zangu. Nilipokataa yote, ilishindwa kukiona kinanda changu cha Bluetooth. Je, ninapelelezwa, au ni mimi nisiyeelewa?

JIBU: Marahaba. Hofu yako ina msingi, ila maombi hayo manne hayana uzito sawa, na moja kati yake lina historia inayostahili kuelezwa kwa kirefu.

Historia hiyo inahusu mahali ulipo. Kuanzia Android 6, iliyotoka mwaka 2015, hadi Android 11, programu iliyotaka kutafuta vifaa vya Bluetooth vilivyo karibu ililazimika kuomba ruhusa ya kujua mahali simu ilipo. Sababu yake si ya kipuuzi: vipo vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyofungwa kwenye majengo na kutangaza utambulisho wao muda wote, na programu inayovisikia inaweza kukisia ulipo hata bila msaada wa setilaiti. Mfumo uliona ni haki uambiwe hivyo, lakini matokeo yake ni kwamba mwanamuziki aliyetaka kuunganisha kinanda tu alijikuta akiulizwa swali ambalo halikufanana hata kidogo na haja yake. Android 12 ya mwaka 2021 ilitenganisha mambo hayo mawili kwa kuleta ruhusa ya peke yake ya vifaa vilivyo karibu. Basi tazama kwanza simu yako inatumia toleo gani. Ikiwa ni la 11 au la nyuma yake, toa ruhusa ya mahali, kwa wakati wa kutumia programu tu kama simu inakupa chaguo hilo, cheza kinanda chako, kisha ingia kwenye mipangilio uiondoe. Ikiwa ni la 12 au la baadaye, toa ruhusa ya vifaa vilivyo karibu peke yake, na ile ya mahali uikatae bila kusita, kwa maana kinanda hakiihitaji tena.

Maikrofoni ni suala la wakati. Programu inayokupangia ngoma zilizokwisha kurekodiwa haina haja ya kusikia chumba chako hadi pale utakapobonyeza kitufe cha kurekodi, na programu iliyotengenezwa kwa heshima huomba pale pale, si mlangoni. Tangu Android 11 unaweza kuchagua kutoa ruhusa kwa mara hiyo tu. Vilevile tazama juu ya skrini: iPhone huonyesha kitone cha rangi ya chungwa maikrofoni inapofanya kazi, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, na simu za Android huonyesha alama ya kijani tangu toleo la 12, ambalo pia lina ukurasa wa faragha unaokuorodheshea programu zilizotumia maikrofoni katika saa 24 zilizopita. Ukiona alama hiyo ilhali unapanga ngoma tu, usikimbilie kusema unapelelezwa, kwa sababu baadhi ya programu hufungua njia ya kuingiza sauti mapema ili kurekodi kuanze bila kukawia. Hata hivyo, una haki ya kupewa maelezo hayo na waliotengeneza programu, na hadi utakapoyapata, ruhusa ibaki kwako.

Kuhusu picha, zinatakiwa kwa ajili ya jalada la wimbo, na kwa kazi hiyo inatosha kuchagua picha moja badala ya kufungua maktaba nzima. Ombi la namba za simu ndilo linalonikera kuliko yote. Hutolewa kwa jina la kukutafutia marafiki wanaotumia programu hiyo, lakini namba hizo si mali yako. Ni za watu waliokuamini wewe, wala hawajaulizwa. Kama unataka kumsikilizisha rafiki mdundo wako, mtumie faili.

SWALI: Nilirekodi wimbo ambao haujakamilika, sauti peke yake juu ya gitaa. Baada ya wiki mbili niligundua kwamba programu ilikuwa imeupeleka mtandaoni na unaonekana kwenye ukurasa wangu ambao sikujua kama ninao. Je, wimbo huo bado ni wangu? Na je, wanaweza kuutumia kufunzia mashine za kutengeneza muziki?

JIBU: Wimbo ni wako, dada yangu. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao nchi nyingi za dunia zimeukubali, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe bila kusubiri kusajiliwa mahali popote, na kuiweka rekodi kwenye hifadhi ya mtandaoni hakuigeuzi kuwa mali ya mwenye hifadhi. Kinachobadilika ni leseni, yaani kibali ulichokitoa siku ile uliposoma neno "Nakubali" na kulibonyeza.

Sehemu ya kibali hicho haikwepeki. Kampuni haiwezi kuihifadhi rekodi yako bila kuinakili, wala kumchezea rafiki yako bila kuisambaza, na ndiyo maana karibu kila masharti ya matumizi yana maneno kwamba leseni ni ya dunia nzima, si ya kipekee na haina malipo. Maneno hayo peke yake yasikutishe. Soma yanayofuata. Tafuta iwapo leseni inakoma ukifuta kazi yako au inaendelea. Iwapo kampuni inaweza kuikabidhi kwa wengine. Iwapo inaruhusiwa kutengeneza kazi nyingine kutokana na yako. Na iwapo kuna mahali panapotajwa kufunza mifumo ya akili mnemba, au panapotajwa "kuboresha huduma" bila kueleza zinaboreshwa vipi.

Wasiwasi wako kuhusu mashine si wa kubuni. Mwezi Mei 2025 wanamuziki waligundua kwamba SoundCloud, mtandao wa kupakia na kusikiliza muziki, ilikuwa imebadilisha masharti yake tangu Februari 2024 na kuingiza kifungu kilichoruhusu maudhui ya watumiaji kutumika kufunza akili mnemba. Kampuni ilieleza kwamba haikuwahi kutumia kazi za wasanii kwa namna hiyo, ikaahidi kuyarekebisha masharti. Hata tukilichukua jibu hilo kama lilivyotolewa, mwaka mzima na zaidi ulipita watu wakiwa chini ya sharti wasilolijua. Kwa hiyo unapopokea arifa kwamba masharti yamebadilika, usiifute kama matangazo mengine.

Naomba nikuongezee jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Rekodi yako ya sauti tupu ni nyeti kuliko wimbo uliokamilika. Katika wimbo uliochanganywa sauti yako imefunikwa na ala, lakini ndani ya mradi wa programu hizi kila kitu kinakaa kwenye treki yake, yaani mstari wake wa kurekodia, na sauti yako imesimama pale peke yake, safi, dakika kadhaa. Mwaka 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mfumo wa VALL-E unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde tatu tu za maneno yake. Nenosiri likivuja utalibadilisha, ila koo huwezi kulibadilisha.

Sasa fungua rekodi hiyo uisikilize tangu sekunde ya kwanza kabisa, kabla gitaa halijaanza. Mara nyingi pale mwanzoni husikika mlango ukifungwa, mtu akimwita mtoto kwa jina, wewe mwenyewe ukimweleza mwenzako mtakutana wapi kesho. Programu nyingi hubakiza sehemu hizo hata baada ya kuzikata, kwa kuwa kukata kwenye treki ni kuficha tu, na kipande chote hubaki kwenye mradi ili uweze kukirudisha. Angalia na jina la faili pia. Programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye iPhone ina mpangilio unaoipa rekodi jina la mahali ulipoifanyia, na wengi wametuma faili yenye jina la mtaa wao bila kujua.

La kufanya leo ni hili: ingia kwenye akaunti, badilisha mradi na ukurasa viwe vya faragha, kisha nakili kiungo cha wimbo ukifungue kwenye kivinjari ambacho hujaingia kwa akaunti yako. Ukiusikia wimbo, basi na mgeni atausikia. Usiridhike na neno "faragha" lililoandikwa kwenye skrini mpaka umefanya jaribio hilo.

SWALI: Ninaimba vizuri nikiwa na mdundo masikioni, lakini nikisikiliza rekodi, sauti yangu inaburuta nyuma ya ngoma. Nimebadilisha programu tatu. Tatizo ni simu au ni mimi?

JIBU: Nadhani tatizo ni hedifoni zako, ingawa hukuzitaja, na nadhani hazina waya. Hedifoni za Bluetooth huchelewesha sauti, na ucheleweshaji wa milisekunde 150 au zaidi ni jambo la kawaida kwazo. Katika wimbo wa midundo 120 kwa dakika, mdundo mmoja huchukua milisekunde 500, na robo yake ni 125. Maana yake ni kwamba ngoma inakufikia ikiwa imechelewa zaidi ya robo ya mdundo. Wewe unaimba sawasawa na unachokisikia, na programu inaiweka sauti yako mahali ilipoipokea. Tumia hedifoni za waya. Usitumie pia maikrofoni ya hedifoni za Bluetooth, kwa sababu ikiwashwa simu kwa kawaida huhamia kwenye mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na sauti yako pamoja na mdundo vyote hufifia mithili ya simu iliyopigwa kutoka mbali.

Ukishaweka waya na bado unahisi kasoro, tafuta kwenye mipangilio ya sauti ukubwa wa akiba ya sampuli (buffer size), yaani idadi ya vipande vidogo vya sauti ambavyo simu hukusanya kabla ya kuvishughulikia kwa pamoja. Sampuli 256 katika kiwango cha 44,100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 6, sawa na kusimama mita mbili kutoka kwenye spika, na hakuna mwimbaji anayesumbuliwa na umbali huo. Sampuli 1,024 ni milisekunde 23, na hapo sikio linaanza kulalamika.

SWALI: Simu yangu ilijaa. Niliondoa programu ya kurekodia nikiamini nyimbo zangu zimo kwenye simu na nitazikuta nikiirudisha. Nimeirudisha, na ndani hakuna kitu. Nyimbo kumi na moja. Je, zinaweza kupatikana?

JIBU: Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ningependa niwe na jibu jema zaidi.

Kwanza, usirekodi kitu kingine kwenye programu hiyo. Ingia kwa akaunti ile ile uliyotumia zamani, kama ulikuwa nayo, uone kama kuna nakala mtandaoni. Tazama nakala rudufu ya simu yenyewe, ya tarehe iliyotangulia siku ulipoondoa programu. Kisha pekua ujumbe wote uliowahi kumtumia mtu, maana wimbo uliomtumia rafiki kwa ajili ya maoni unaweza kuwa ndio pekee uliosalia.

Nitakueleza kilichotokea, kwa sababu kinawagusa wote walioandika hapo juu. Simu za sasa huipa kila programu chumba chake chenye ukuta, na programu nyingine haziruhusiwi kuchungulia. Ukuta huo ndio unaozuia programu ya michezo au ya matangazo isisome rekodi zako, na ni ulinzi mzuri wa faragha. Lakini programu ikiondolewa, chumba hubomolewa pamoja na kilichomo. Lawama yangu kwa watengenezaji ni kwamba wanalijua hili, na wengi wao hawamwambii mtumiaji lolote kabla ya siku ya msiba. Kitufe cha kutoa kazi nje ya programu hufichwa ndani ya menyu ya tatu, mara nyingine kikiwa cha kulipia, huku kitufe cha kushiriki mtandaoni kikiwa kikubwa na chenye rangi katikati ya skrini. Mtu anasukumwa kuchagua kati ya kuweka kazi yake hadharani na kuihatarisha, ilhali ipo njia ya tatu.

Njia hiyo ni kutoa kila treki nje kama faili ya WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, zote zikianzia sifuri ili zipangike sawa ukizifungua kwenye programu nyingine, pamoja na faili ya MIDI, inayohifadhi noti ulizobonyeza badala ya sauti yenyewe, ya sehemu za kinanda. Faili za mradi wa programu moja mara nyingi hazifunguki kwenye nyingine, kwa hiyo usizitegemee peke yake. WAV ya stirio yenye ubora wa CD huchukua karibu megabaiti 10.6 kwa kila dakika, na ya mono nusu yake, hivyo wimbo wa dakika nne wenye treki nane za mono ni kama megabaiti 170. Hamishia kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, uzifungue huko na kuzisikiliza, ndipo ufute kwenye simu.

Na kabla hujaiamini programu nyingine, ipe jaribio la nusu saa. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, hatua ambayo pia huzuia simu za kawaida zisikukatize katikati ya ubeti. Rekodi sekunde thelathini za kitu usichokijali, kikate, kichanganye, kisha ukitoe nje kama WAV. Ikiwa programu itagoma kufunguka bila intaneti, au itadai akaunti kabla ya kukurudishia sauti yako mwenyewe, iondoe siku hiyo hiyo, ukiwa bado hujaiwekea wimbo wowote wa kupoteza.