Hajakutukana, dada

Dada, huyo jamaa wa Nairobi aliyekuandikia "nitumie hiyo fomu leo" hajakutukana. Kwao hiyo ni sentensi ya kawaida tu, hata kwa mtu wanayemheshimu. Wewe wa Dar umezoea "habari za asubuhi, samahani, naomba unitumie", ndiyo maana ukaisoma kama amri ya afande. Na hilo jibu lako la "haya bosi, nimesikia", sidhani kama aliona kijembe. Pengine alifurahi kuitwa bosi! Halafu msiwabebeshe Wakenya wote lawama: angekuwa mtu wa Mombasa au Lamu, mngemaliza salamu kwanza ndipo fomu itajwe. Mtumie fomu yake. Akikukera tena, mpigie simu umsikie anavyoongea.